Nilipotengewa Sahani Yangu

Ikiwa una kikohozi kisichokoma nawe unakificha kwa upindo wa leso, haya nakuandikia wewe. Sikuahidi kitu. Mimi nilipona, na katika kupona huko nilipoteza mengi kuliko niliyookoa, wala sitaki kukudanganya kwa kusema vinginevyo. Lakini nilipokuwa nikiumwa nilitamani mno mtu mmoja aliyekwisha kupita njia ile anikalie karibu, anieleze mambo ya benchi na ya kitanda. Sikumpata.

Naitwa Mwanakombo. Nilizaliwa Mtongwe, nikaolewa Likoni, nikafiwa na mume nikiwa na mtoto mmoja wa kiume, Athumani. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli moja ya Wazungu kule Shelly Beach, pasi ya makaa, tangu asubuhi hadi alasiri. Mikono iliposhindwa kuinua pasi, niliomba chumba katika nyumba ya wakfu.

Nyumba hiyo iliachwa na tajiri mmoja marehemu, Mungu amrehemu, iwe makao ya wanawake watu wazima wasio na pa kukaa. Vyumba vimeuzunguka ua, kisima kiko katikati, na jiko la pamoja liko nyuma. Tulikuwa sita. Mkubwa wetu alikuwa Bi Rukia. Reli ilipoanza kujengwa yeye alikuwa tayari mke wa mtu. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Bi Mwanamisi, Mdigo wa Waa, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya kivuko akageuka. Wale watatu wengine sitawataja kwa majina, maana jamaa zao wako na hawakunipa ruhusa.

Likoni nzima ilituzungumzia kwa umri wetu mrefu. Kuna waliosema ni maji ya kisima chetu, wakaja kuomba ya kumpelekea mgonjwa. Siku moja alikuja mama wa Kizungu aliyekuwa mgeni hotelini, akiwa na mkalimani, akauliza tunakula nini hata tukazeeka hivi na meno yetu mdomoni. Bi Rukia akasema, "Mwambie twala maneno. Tukishashiba maneno, ndipo twaongezea wali."

Na ilikuwa kweli. Alfajiri kila mmoja alibisha mlango wa jirani yake na kungoja mpaka asikie "Abee, nimeamka." Usipojibu, haondoki. Halafu mazungumzo yalianza, ya nani kaolewa, nani kaachwa, nani kaonekana feri na nani, yakaenda hivyo hadi jua kutua. Adhuhuri tulikula sinia moja, kila mtu upande wake, kichwa cha samaki kikiwekwa mbele ya Bi Rukia bila ya mtu kuambiwa.

Kikohozi changu kilianza wakati wa kusi, na kilianza kama kikohozi chochote.

"Ni moshi wa pasi huo," Bi Rukia alisema. "Umekaa kifuani miaka yote, sasa watafuta njia ya kutoka."

Wote tuliamini hivyo. Nikanywa asali na tangawizi. Nikaandikiwa kombe na mwalimu, aya za zafarani zioshwazo kwa maji, nikanywa. Nikapakwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu thaumu hadi chumba kikanuka kama jiko la harusi. Kusi likaisha na kikohozi kikabaki. Kila asubuhi leso niliyolalia ilikuwa ya kukamuliwa kwa jasho. Chakula nilikiona kitamu kwa macho, nikikitia kinywani kinageuka udongo. Nilipojifunga leso ilizunguka kiuno ikabaki na upande mzima wa kuning'inia.

Siku moja nilikuwa nikivuta maji. Bangili yangu ya fedha, ambayo tangu niolewe haikutoka mkononi ila kwa sabuni, iliteleza yenyewe ikaanguka kisimani.

"Vyura wamepata mahari!" akapiga kelele Mwanamisi.

Tulicheka wote. Nilicheka hata nikakohoa, nikakohoa hata nikashika ukingo wa kisima, na nilipoondoa kiganja mdomoni kilikuwa na damu. Nilikifumba haraka. Lakini Mwanamisi alikuwa ameona. Akanifuata chumbani.

"Kesho twaenda kisiwani."

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha kifua."

"Nikienda nitarudi na jina la ugonjwa, Mwanamisi."

"Na usipoenda hautakuwa na jina?"

Tulivuka feri asubuhi, tukaenda kwa miguu na kupumzika kila penye kivuli. Benchi la hospitali lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu. Kila mmoja ameshika mkebe wa makohozi mapajani kama aliyebeba kitu cha thamani. Mtu akikohoa wengine hugeuza nyuso ukutani, kisha naye aliyegeuza hukohoa, wakamgeuzia yeye. Bwana mmoja mwenye kofia ya vito iliyotariziwa aliniona navuta pumzi kwa shida, akanipisha mahali pake karibu na dirisha. Hatukusemezana. Hadi leo namwombea dua, sijui kama yu hai.

Ukienda kupigwa picha ya kifua, chukua leso ya pili. Utaambiwa uvue, uegemeze kifua kwenye kioo cha baridi, ubane pumzi. Mimi mwili wangu haukupata kuonwa na mtu asiye mume wangu na wakunga. Nilisimama pale mgongo wazi, na mwanamke mmoja mfagizi, wala si kazi yake, akaja akanifunika mgongo kwa leso niliyoiacha kitini. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonivusha. Makubwa sikuyapata.

Daktari alikuwa kijana wa Kihindi mwenye Kiswahili cha Mombasa hasa.

"Mama, hiki ni kifua kikuu. Kiko pande zote mbili." Akashika kalamu. "Wakaa na nani?"

"Na wenzangu, watu wazima kama mimi."

"Mwala vipi?"

"Sinia moja."

Akaiweka kalamu chini. "Kuanzia leo sahani yako, kikombe chako, na ulale peke yako hadi nafasi ipatikane wodini. Na hao wenzako waje wote niwatazame."

Tulirudi jua likiwa kali. Mwanamisi ndiye aliyewaeleza, hata lile agizo la kwenda kutazamwa, ambalo Bi Rukia hakulifuata. Hakuna aliyenifukuza. Nasema hivyo ili haki itendeke. Mmoja wao alikwenda dukani akarudi na sahani ya bati ya buluu, mpya, akaiweka mlangoni pangu bila ya kunitazama. Adhuhuri walikaa kwenye sinia, mimi nikakaa kizingitini na sahani yangu. Sijapata kusikia watu watano wakila kimya namna ile.

Bi Rukia akamega tonge la wali na samaki, akaliviringa, akainuka nalo kwa taabu na bakora yake, akaja akanitilia kwenye sahani yangu. "Kula, mwanangu," akasema. Kisha akageuka kurudi mahali pake.

"Bi Rukia," mmoja akasema, "nawa mkono kwanza."

Mtu aliyekuwa akiwekewa kichwa cha samaki. Alisimama katikati ya ua, mkono ameukunjua mbele yake kama si wake. Alikwenda kisimani akanawa. Lakini hakurudi kwenye sinia. Alikuja akaketi karibu nami, na siku hiyo hakula tena.

Athumani alipata habari kazini bandarini, akaja kutoka Junda kule Kisauni. Alisimama uani na kofia mkononi.

"Mama, kwangu kuna watoto," akasema.

"Sijakuomba, mwanangu."

"Najua hujaniomba. Ndiyo yaniumayo."

Nafasi ilipatikana vuli ilipoanza. Wodi ilikuwa upande wa Changamwe, mbali na nyumba za watu, madirisha yake hayafungwi hata mvua inyeshe. Ndege ziendazo uwanjani zilipita juu yetu chini sana, vikombe vikatetemeka mezani. Kila asubuhi sindano, leo tako hili, kesho lile, hata nyama ikawa ngumu kama kumbi la nazi na dresa, yule mchoma sindano, akawa akitafuta pa kuingizia. Baada ya sindano ilikuja dawa ya unga, chungu, nyingi, ya kunywa kwa maji. Ukiitapika walikupa nyingine. Nakwambia mapema, utaichukia. Inywe ukiwa na kipande cha mkate mkononi, uume mara moja, usingoje ladha ifike.

Kitanda cha pili alilala Ndunge, mwanamke wa Kikamba, mumewe kibarua wa kiwanda pale Changamwe. Alikuwa na umri wa kuwa binti yangu. Siku za kwanza nilimgeuzia mgongo, si kwa chuki, nililia tu. Yeye akaninyooshea bakuli lake.

"Mama, kula hiyo uji. Usiogope, sisi wote ni wagonjwa."

"Huu uji," nikamrekebisha bila ya kukusudia.

Akacheka hadi akashika mbavu. "Hata ukikufa utarekebisha malaika!"

Tokea siku hiyo tulikula pamoja. Katika wodi ile hapakuwa na sababu ya kuogopana, na nilipata tena kitu nilichodhani nimekiacha Likoni. Alinisimulia habari za kwao, milima na mtama, nami nikamsimulia nyumba yetu. "Mimi nikipona," alisema, "nitakuja kuona hao wazee wasiokufa."

Kaskazi likaingia na joto lake. Mimi nikaanza kunenepa, mashavu yakarudi, leso ikanikaa. Ndunge akawa anapungua. Dawa moja, sindano moja, dresa mmoja. Niliacha kujitazama kiooni, kwa haya.

Ndipo masikio yalipoanza kupiga mluzi, kama birika lililosahauliwa motoni. Mluzi ulipungua, na kila kitu kingine kikapungua nao. Nilianza kuona vikombe vikitetemeka na ndege siisikii. Nikisimama, sakafu inakwenda upande na mimi upande. Daktari alipojua aliibadilisha ile sindano. Aliniandikia kwenye karatasi kwamba kilichokwisha kwenda hakitarudi. Nilisoma, nikamrudishia karatasi yake. Wewe ukisikia mluzi, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja nikidhani ni udhaifu.

Ndunge ndiye aliyenishika mkono kunipeleka msalani, yeye pumzi hana, mimi miguu sina. Tulikuwa tukienda hivyo polepole, na wagonjwa wengine wakitutazama.

Athumani alikuja siku ya wageni, akasimama nje ya dirisha kama walivyotakiwa. Aliongea. Niliiona midomo yake ikienda, nikadhani anauliza kama bado naumwa, nikatikisa kichwa kukana. Akaongea zaidi, uso ukabadilika. Nikatikisa kichwa tena. Kumbe alikuwa akiniomba radhi. Aliondoka akiamini kwamba mama yake amemsikia na amemkatalia, na hakuja tena muda mrefu.

Masika ilipofika, asubuhi moja niligeuka kutoka ukutani nikamkuta Ndunge amefunikwa. Nesi aliniambia, kwa kunena polepole mbele ya uso wangu, kwamba alikuwa akiniita. Mimi nilikuwa nimelala hatua chache kutoka kwake.

Mwanamisi alikuja mvua zilipokuwa hazijaisha. Alisimama dirishani, buibui limeloa, akanieleza jambo. Sikusikia. Akarudia. Nikamwonyesha masikio yangu kwa mkono. Akatazama wodi yote, wale wanawake vitandani, akatazama chini, kisha ile sauti yake niliyokuwa naijua ikatoka kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"BI RUKIA AMEFARIKI!"

Hilo nililisikia. Kila mtu alilisikia. Alikuwa akilia na kupiga kelele kwa pamoja, maana nilimwuliza kwa nini, naye ikambidi apaze sauti tena, "KIFUA! KIFUA KILE KILE!" Wagonjwa wengine wakajifunika nyuso. Nani alimpa nani, yeye mimi au mimi yeye, daktari alisema hakuna awezaye kujua, kwamba huenda mtu mzima yule alikaa na ugonjwa huo tangu ujana wake. Nilimshukuru kwa kusema hivyo. Halikunisaidia.

Niliachiliwa kusi la mwaka wa pili, na vidonge vya kuendelea navyo nyumbani. Makohozi yalikuwa safi. Daktari alinipa mkono, akasema kwa sauti ya juu kuwa nitaishi miaka mingi. Yeye alinipa maneno hayo kama zawadi.

Nyumbani tulibaki watatu. Bi Rukia kaburini. Mwingine alichukuliwa na jamaa zake kwa hofu, na mwingine alilala hakuamka, uzee tu. Aliyebaki pamoja na Mwanamisi ni yule aliyesema maneno ya mkono, na naye alikuwa amezeeka ghafla. Jiko la pamoja halikuwashwa tena. Kila mtu alikuwa na sufuria yake chumbani. Sinia limetundikwa ukutani, limefanya kutu. Hakuna aliyekataza, wala hakuna aliyelishusha.

Na nyumba ile, kama nilivyosema, iliishi kwa maneno. Mimi nilikaa katikati ya maneno nikiyaona tu. Wenzangu wakicheka nami hucheka, nyuma yao kidogo, kisha hunitazama wakajua sikusikia, wakaacha kucheka. Alfajiri ya kwanza Mwanamisi alibisha mlango wangu asijibiwe. Alibisha, akaita, akaenda kuita wanaume msikitini, wakavunja komeo. Walinikuta nimemaliza sala nakunja leso. Wale wanaume walicheka. Mwanamisi hakucheka, alinipiga begani kwa hasira, machozi yakimtoka. Baada ya hapo hakubisha tena. Aliingia tu akanigusa bega, nikafumbua macho nikauona uso wake.

Ilikuwa hivyo mpaka mwaka wa uhuru. Siku moja, vuli, niliamka mwenyewe. Niliketi kitandani nikangoja. Mwanga ulifika sakafuni, ukapanda ukutani. Nilikwenda kwenye mlango wake nikaubisha, kisha nikauwekea kiganja nisije nikakosa kuhisi hatua zake zikija. Mbao zilikuwa baridi na zimetulia. Nilijua kabla ya kufungua.

Uhuru ulipokuja Athumani alikuja kunichukua. Tulikuwa tumeelewana tayari. Mwanamisi, kabla ya kufa, ndiye aliyempelekea habari za masikio yangu, na mwanangu alikuja akalia magotini pangu. Aliniongoza hadi barabarani nione bendera na watu wakicheza. Ngoma niliihisi kifuani. Alinipeleka Junda, nikakaa kwake. Mkewe alinipokea kwa heshima, "shikamoo mama" asubuhi na jioni, lakini sahani yangu iliwekwa kando, na wajukuu wakivutwa nyuma kila walipokuja mapajani. Nilimwonyesha karatasi ya daktari. Aliisoma akanirudishia kwa mikono miwili, na sahani ikabaki kando. Sikumlaumu. Nilirudi Likoni.

Msimamizi wa wakfu baadaye alimleta mwanamke mgeni, Bi Khadija, katika chumba cha Mwanamisi. Alikuja na kikohozi. Mimi sikusikia, lakini niliyaona mabega yake, na nikaiona leso anavyoipeleka mdomoni na kuitazama kisha kuikunja. Yuko wodini sasa, na dresa, ambaye ananijua, amenieleza nisiwe na matumaini makubwa. Amechelewa. Hata hivyo nataka nieleze asubuhi niliyompeleka, kwa sababu hapo ndipo nilipoulizwa swali ambalo nawe pengine unajiuliza.

Tulikuwa kwenye benchi. Watu wengine, benchi lile lile, mikebe ile ile. Bi Khadija alinigeukia, akasogeza uso wake karibu ili nimwelewe midomo.

"Dada, mimi mtu mzima. Mume sina, watoto nimezika. Nitibiwe ili iweje?"

Nilitafuta jibu. Nilitaka kumwambia habari za maisha marefu, nikamwona Bi Rukia amesimama uani na mkono wake. Nilitaka kumwambia habari za wenzake nyumbani, nikakumbuka tumebaki wawili na hatuli tena sinia moja. Wallahi sikuwa na kitu. Nilimwambia hivyo. "Sijui, dada. Nilidhani ningejua nikipona."

Nadhani hakutegemea hilo. Nyuma yake mlango ulifunguliwa, nikaona midomo ya dresa ikilitaja jina lake. Hakuinuka.

Basi nikainuka mimi. Sakafu ikaenda upande wake kama inavyofanya siku zote, na nikaanza kuanguka. Bi Khadija aliruka akanidaka kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimama, na mimi siwezi kwenda peke yangu, ilimbidi anipeleke hadi mlangoni.